Giaboksi ya Mama Mkwe

Mmoja wenu, vijana mafundi, alinijia juzi na giaboksi kwenye bajaji, ameifunga kamba ya manila kama mbuzi wa sikukuu. Hata shikamoo haijamtoka vizuri mdomoni akaniuliza, "Mzee, hii inaingia kwenye gari la zamani la baba?" Nikaitazama, nikamwambia inaingia. Akafurahi, akageuka aondoke. Nikamwita arudi akae. Tulikaa mpaka chai ikapoa, na nilipomaliza kusema hakuwa tena na hamu ya ile giaboksi. Ninyi wengine hamkuwepo, kwa hiyo nawaandikia.

Kuingia ni kazi ya bolti. Chochote kinaweza kuingia ukikilazimisha, na mimi nimelazimisha vingi katika maisha yangu ya spana hapa Kigoma. Leo nataka kuwaambia habari za giaboksi moja tu, ya gari moja la harusi, na za mtu mmoja, Mrundi aliyeitwa Melkiori, ambaye alikuwa na ruhusa ya kukaa mjini kwa sababu ya saini yangu. Nilimpoteza. Sisemi alipotea, nasema nilimpoteza, na anayetaka hadithi ya kumfurahisha aende kibandani akaangalie mpira.

Lakini kazi kwanza, maana najua ndicho kinachowaleta kwangu.

Ukitaka kubadili giaboksi ya gari la zamani, anza na ile mbovu. Ing'oe, ilaze chini, uijue. Ina matundu mangapi ya bolti usoni? Shafti ya kuingilia kwenye klachi ina meno mangapi, na ndefu kiasi gani? Mkia wake unaishia wapi, maana ukizidi hata urefu wa kidole utakuja kukata propela shafti na kuanza ugomvi mwingine. Chukua katoni ya sabuni, ibandike usoni pake, igongegonge kwa nyundo kuzunguka kingo mpaka matundu yajichore yenyewe. Katoni hiyo ndiyo utembee nayo kwenye magari yaliyokufa. Usitembee na kumbukumbu, kumbukumbu ya fundi ina uongo mwingi.

Ukipata inayolingana, shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha. Tia gia moja moja, zungusha kwa mkono, hesabu mizunguko ulinganishe na ile ya zamani. Mwaga mafuta yake kwenye kitambaa cheupe ukakae nacho juani. Yakimetameta, kuna chuma kinasagika. Yakiwa safi kabisa, yaogope zaidi, kwa sababu kuna mtu kayabadilisha karibuni na alikuwa na sababu zake. Halafu fungua kifuniko. Hata kama huna karatasi ya gasketi, hata kama mteja amekusimamia mlangoni anapiga miluzi, fungua uone kwa macho yako.

Haya yote alinifundisha Fundi Seifu, mzee wa karakana ya reli aliyekuja kufungua gereji yake Mwanga, hapa hapa mjini. Ulimi wake ulikuwa mkali lakini mkono hakuinua. Nilipokuwa bado mbichi nilifunga difu ya lori la dagaa, zile gia za ekseli ya nyuma, juu chini. Ninyi mnaojua mnacheka tayari. Lori likawa na gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Nikatia namba moja kwa majivuno, watu wa Kibirizi wote wamesimama wanasubiri lori lao, likarudi kinyumenyume likabomoa choo cha gereji. Nashukuru hakukuwa na mtu chooni. Seifu alimwambia mwenye lori, kwa upole kabisa, "Hakuna tabu bwana, wewe geuza kiti tu." Kisha akanikabidhi spana, nikafungua bolti zote peke yangu huku nimezungukwa na wachukuzi wanaonishauri.

Kosa lile nalicheka mpaka leo. Hili lingine silicheki.

Miaka ya wakimbizi Kigoma ilikuwa haina pumzi. Wakongo walivuka ziwa kwa maboti, na magodoro, na mbuzi, na wengine na vipande vya magari. Warundi walishuka milimani kwa miguu. Malori ya mahindi ya msaada yalipita Kidahwe kwenda makambini usiku na mchana, na sisi mafundi tulikuwa na kazi kuliko tulivyowahi kuota. Lakini midomo yetu ilichafuka. Kuku akiibiwa, mkimbizi. Dagaa wakipungua ziwani, mkimbizi. Sukari ikipanda, mkimbizi. Nami nilisema hivyo hivyo barazani. Sikuwa bora kuliko wenzangu.

Melkiori alinikuta nimelala chini ya lori nagombana na klachi. Nilianza kuona viatu vyake, raba mbili zisizofanana, zimesimama tu. Zikasimama muda mrefu mpaka nikatoka kwa hasira kuuliza kuna nini. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, mwembamba, mwenye koti lililochanika kwapani. Alichuchumaa, akaingiza mkono pale nilipotoa wangu, na klachi ikakubali. Mfukoni alikuwa na kipimo cha vyuma vyembamba cha kupimia nafasi za valvu. Ndicho kitu pekee alichovuka nacho mpaka, mbali ya mke na watoto watatu.

Nikamchukua. Mke wake, Domitila, na watoto walibaki kambini upande wa Kasulu, na yeye akawa anaruhusiwa kukaa mjini kwa kibali. Kila mwezi ilibidi mwenyeji aandike kwamba mtu huyu ni mfanyakazi wake na anamjua. Mwenyeji huyo alikuwa mimi. Saini ikikosekana mwezi mmoja, mtu anahesabiwa mtoro wa kambi, na miaka ile watoro wa kambi walikuwa wanakusanywa kwenye malori. Wengine walirudishwa kambini, wengine walipelekwa moja kwa moja mpakani Manyovu wakaambiwa waende kwao. Kwao Melkiori nyumba ilikwishachomwa, kaka zake wawili wakiwa ndani. Aliniambia mara moja tu, tukinywa uji, na nilijua vizuri kabisa saini yangu ina uzito gani. Sitajificha kwenye kutojua.

Kama fundi, alinipita. Nalisema sasa, wakati ule ningekufa kwanza. Alikuwa anaingiza kidole kwenye tundu la kutilia mafuta la giaboksi, anafumba macho, anapapasa jino moja moja kadiri kidole kinavyofika, na kukuambia lililolika. Tatizo lake moja, kwa macho yangu, lilikuwa Kiswahili. Alikuwa mtu wa milima ya ndani, Kiswahili amekiokota kambini. Na mimi ni mtu wa Ujiji. Mnatujua. Sisi wajukuu wa Manyema na watu wa pwani tunajihesabu kuwa ndio wenye lugha. Muha akishuka mjini na "mbere" yake na "kurara" yake, tunamwigiza barazani, naye anacheka kwa adabu, imekwisha. Melkiori nilimwigiza kila siku. Wateja walikuwa wanapenda.

Sasa gari. Bi Zaituni, mjane wa mfanyabiashara wa mawese pale Ujiji, alikuwa na gari dogo la enzi za wakoloni aliloachiwa na marehemu mumewe. Rangi ya maziwa, taa za mviringo, bampa za kung'aa. Jina la kiwandani lilikuwa limeshang'oka zamani, na watu waliliita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna harusi ya Ujiji iliyofungwa bila lenyewe kuwapo na kila mtu alikuwa analiogopa. Dereva wake alikuwa mdogo wake Bi Zaituni, Sudi, aliyeliendesha kwa kofia nyeupe na mwendo wa maiti.

Mama Mkwe likafa giaboksi siku tisa kabla ya harusi ya binti wa jirani wa Bi Zaituni. Meno yalikuwa yamekwisha yote, ungedhani yametafunwa. Bi Zaituni akaja gerejini mwenyewe, akakaa kwenye tairi, akasema, "Rajabu, mwanangu, nimeshatoa ahadi. Usiniaibishe."

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kupeleka gia kwa mchonga vyuma azichonge upya, kazi nzuri, ya wiki nne. Ya pili, giaboksi ya pikapu iliyokuwa imelala gerejini kwangu, ngumu na nzima kabisa, ila mkia wake mrefu, ilitaka kukata shafti na kuhamisha mkono wa gia. Melkiori aliipenda hiyo. Alisema tukikaza watu wawili, siku sita. Ya tatu ilikuwa Kibirizi, kwenye mchanga, ndani ya gari lililokatwa vipande ambalo Wakongo walilivusha kwa boti: giaboksi ndugu kabisa na ya Mama Mkwe. Nilikwenda na katoni yangu, tundu kwa tundu, jino kwa jino. Inaingia! Nilipiga kelele pale ufukweni mpaka wanawake wanaoanika dagaa wakageuka.

Tukaileta gerejini. Nikaitikisa shafti, ikacheza kidogo. Nikamwaga mafuta, safi kama ya kukaangia. Niliyaona yalivyo safi na nikafurahi, mimi, mwanafunzi wa Seifu. Melkiori akaingiza kidole, akafumba macho. Akatoa kidole, akapangusa kwenye suruali.

"Bosi, shida iko mbere," akasema.

"Nimeona," nikamwambia. "Beringi ya mbele. Tunabadili, na sili yake."

"Beringi?" Akatikisa kichwa, na kwao oya ni hapana. "Oya, bosi. Iko mbere. Mbere!" Akawa anagonga kifuniko cha juu kwa kiganja, pap, pap. "Nyuma ni sawa. Nyuma ni muzuri sana. Mbere ni mubaya."

Bi Zaituni alikuwa pale na Sudi. Mimi nikasimama katikati yao, nikapiga giaboksi kwa kiganja kama yeye, nikaigiza, "Mbere! Mbere! Nyuma muzuri!" Sudi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Bi Zaituni naye akacheka, ametulia moyo kwamba kazi imepata ufumbuzi. Melkiori akatutazama mmoja mmoja.

"Sawa, mukubwa," akasema, akaenda kutafuta beringi.

Niliibadili ile beringi ya mbele kwa mkono wangu. Kazi safi. Nikabadili na sili. Melkiori aliniletea karatasi ya gasketi, ameikata mwenyewe kwa kisu, ya kifuniko cha juu, akaniwekea mezani. Nikamwuliza ya nini, kifuniko hatukifungui. Akachukua spana akarudi kazini. Karatasi ile niliifungia karanga.

Siku ya harusi Mama Mkwe lilitoka Ujiji limepambwa, matarumbeta mbele, bibi harusi nyuma na bibi yake mzaa mama pembeni. Melkiori na mimi tulifuata kwenye pikapu ya gereji, na nilikuwa nimevaa kanzu. Pale barabara inapoanza kupandia Mwanga, Sudi akatia namba mbili. Tukasikia mlio wa meno ya gia yanavunjika. Gia ikachomoka. Akajaribu namba moja, ikasaga tu, haikushika kitu. Breki za gari lile zilikuwa za kuombewa dua. Likaanza kurudi, polepole, limebeba maua yake, watu wakipiga mayowe na matarumbeta bado yanapigwa kwa sababu wapigaji wako mbele hawajui. Likaingia mtaroni kwa ubavu.

Hakufa mtu. Bibi kizee alivunjika kifundo cha mkono, na bibi harusi alitolewa dirishani, gauni jeupe limelowa maji ya mtaro. Ndiyo hivyo tu. Mkono wa bibi kizee ulipona baada ya miezi miwili na ndoa ile ina wajukuu sasa. Nawaambia haya mpime wenyewe udogo wa jambo lililonifanya nitende nililotenda.

Bi Zaituni alifika kwa miguu, mtandio umeanguka mabegani. Watu wamejaa pande zote. "Rajabu!" akasema. "Nani kakupa takataka hii?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Niliichagua mimi. Sikuifungua mimi. Nikanyoosha mkono.

"Yule Mrundi."

Melkiori alikuwa amechuchumaa mtaroni anapanga jeki chini ya ekseli. Akainua uso. "Bosi," akasema, "nirikwambia. Nirisema iko mbere..." Na umati, vijana wangu, umati ukaipokea: "Mbere! Mbere!" Walikuwa wanaigiza vilevile nilivyoigiza mimi, kumbe Sudi alikwishaisambaza mji mzima. Mtu mmoja akarusha tope. Melkiori akashusha jeki, akaufunga mpini wake vizuri ili usipotee, akapanda juu ya barabara na kuondoka kwa miguu kuelekea gerejini. Sikumfuata.

Kesho yake nikafungua kifuniko. Ndani, gia za shafti ya chini zilikuwa zimevunjika meno, vipande vimelala chini kama magego ya mzee. Giaboksi ilikuwa imeoza katikati, na mtu yule aliniambia ubovu uko mbele. Nikasema kwa sauti, peke yangu, alijua huyu. Alijua, akanidanganya, na sijui Wakongo walimpa nini. Niliamini hivyo kwa dhati kabisa. Siku zile ilikuwa rahisi sana kuamini.

Mwisho wa mwezi alikuja na karatasi yake ya kibali, ameikunja ndani ya nailoni. Nikamwambia aiweke, nitaona. Akaiweka mezani. Ikakaa pale siku tatu, mimi nanywea chai juu yake.

Siku ya nne walikuja watu wawili na daftari. Walikuwa wakizunguka gereji zote kusaka watoro wa kambi. Melkiori alikuwa chini ya lori. Mmoja wao akaniuliza, hata kwa heshima, "Fundi, huyu ni mtu wako?"

Mnajua uzito wa neno hilo kwetu. Hakuniuliza karatasi wala jina.

"Si mtu wangu tena," nikasema.

Melkiori akatoka chini ya lori. Alinawa mikono kwa petroli, akanawa tena kwa sabuni, kila kidole, akiniangalia. "Bosi, wambie," akasema. Nikageukia jiliwa la kubania vyuma, nikaendelea kukata kwa msumeno kipande cha chuma ambacho hakikuwa na haja ya kukatwa. Nilipoacha kukata, hawakuwepo.

Nimeuliza tangu hapo. Nimeuliza madereva wote wa Manyovu, wauza ndizi, mapadri, watu waliorudi na watu waliokwenda. Nimetaja jina lake, urefu wake, vidole vyake. Hakuna anayemjua. Nimezeeka nikiuliza, na siku hizi nauliza kwa mazoea tu. Sina tumaini, wala sitaki mtu anitie moyo. Fundi Seifu aliniambia kwamba kosa la gereji hufunguliwa bolti moja moja mpaka ukafika ulipokosea, halafu unafunga upya. Marehemu hakunifundisha la kufanya ukifika pale ulipokosea ukakuta hapana mtu.

Wiki tatu baada ya kuchukuliwa, nilipanda lori la mahindi kwenda kambini. Msidhani nilikwenda kwa huruma. Sanduku lake la vifaa lilikuwa limebaki gerejini, na nilikuwa na hasira nalo, sikutaka mali ya mwongo chini ya paa langu. Nilidhani nitamkuta huko, nimtupie miguuni, nirudi na lori lile lile. Nilikwishatunga njiani hata maneno ya kumwambia. Sandukuni hakikuwemo kile kipimo cha valvu. Bila shaka kilikuwa mfukoni mwake siku ile.

Mvua ilininyeshea tangu Kidahwe. Nilielekezwa nyumba moja ya udongo yenye turubai juu, nikasimama uwanjani na sanduku begani, nikapiga hodi. Mwanamke akatokeza mlangoni. Nilikuwa sijawahi kumwona Domitila, lakini yeye alilitambua sanduku.

"Bosi wa Kigoma!" akasema. "Mbona uko nyuma, na mvua iko hivi? Pita mbere."

Nikashangaa. Sikuwa nyuma ya nyumba, nilikuwa mbele ya mlango wake. Lakini mgeni hufuata anachoambiwa, nikasogea hatua mbili mbele, kuelekea ukuta. Maji ya turubai yakanimwagikia kichwani.

"Oya, bosi! Usirowe nyuma! Mbere, mbere!" Akawa ananionyesha kwa mkono. Nikapita tena mbele, nikaambaa na ukuta hadi pembeni ya nyumba. Sijui nilidhani kuna mlango mwingine. Domitila akatoka mvuani, akanishika mkono wa kanzu, akanivuta, akaniingiza mlangoni, akanisimamisha katikati ya chumba penye moto wa kuni.

"Hapa," akasema, akikanyaga sakafu. "Hapa ni mbere." Akaelekeza kidole mvuani. "Kure ni nyuma."

Nilisimama na sanduku begani. Sikieni, ndani ya kichwa changu nilimsikia Melkiori anagonga kifuniko kwa kiganja, pap, pap. Nyuma ni muzuri sana. Mbere ni mubaya. Nje nzima, ndani mbovu. Aliniambia. Aliniambia mara nne, mbele ya mashahidi, kwa lugha aliyokuwa nayo, akanikatia na gasketi ya kufungulia.

Nikamwuliza Melkiori yuko wapi. Kumbe yeye ndiye alikuwa anataka kuniuliza mimi. Kambini hakufika. Mtu mmoja alimwona juu ya lori, Manyovu, limepita kizuizi. Basi. Domitila alisema haya bila kulia, akipanga ndani ya kikapu vitu alivyovitoa kwenye sanduku, spana kubwa chini, ndogo juu, akizipangusa maji kwa kanga yake moja moja. Alikuwa anazipanga vizuri ili mumewe akirudi azikute.

Halafu akanitazama.

"Bosi, hapa watu wanasema kuna mutu wa mujini arimusemea mubaya. Iri afukuzwe." Akatafuta maneno. "Weye urikuwa hapo. Urimutetea?"

Moto ulikuwa unapasuka. Watoto watatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka wananiangalia. Neno la kweli lilikuwa fupi, na yeye angelielewa kwa Kiswahili chochote.

"Nilimtetea," nikasema. "Nilimtetea sana, hawakunisikiliza."

Domitila akaweka spana chini. Akaja akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akainama mpaka paji la uso wake likagusa vidole vyangu. "Murakoze," akasema, asante ya kwao. "Murakoze cane, bosi." Akaenda pembeni, akafungua gunia la mgao wao, akapima vikombe viwili vya maharage, akayafunga kwenye kitambaa, akanipa niwapelekee watoto wangu mjini.

Nikayapokea.